Mtaalamu wa Kabichi wa Ng'ambo

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na miguu yake uipe pole. Shemeji na watoto nawasalimu kwa pamoja ili kuokoa karatasi. Kwa desturi barua huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Nimekaa na kalamu nikaona safari hii tubadilishane: wewe uwe mzima, hofu iwe kwangu.

Salamu nyingine zimwendee anayesoma barua hii kabla yako, yaani Afande Mwalimu, mkuu wa elimu humu gerezani. Yeye ndiye anayefungua barua zetu zote kabla hazijatoka. Barua yangu ya mwezi uliopita haikuchelewa kwa sababu ya siri yoyote. Aliirudisha imepigiwa mistari myekundu, maana niliandika "zahidi" mara tatu, ikabidi niianze upya. Kwa hiyo ukiona siku hizi naandika vizuri, ujue si mimi, ni serikali.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata cheo.

Juma lililopita Afande Mwalimu alitupanga uani, akatangaza kwamba shule ya gereza inaanzisha bustani ya mafunzo. Watu watajifunza kilimo, na humo humo kwenye matuta watajifunza hesabu na kusoma. Akauliza nani kati yetu amewahi kulima. Mimi wakati huo nilikuwa nimenyoosha mkono kitambo, naomba kwenda chooni.

"Wewe. Ulilima wapi?"

Dada, mtu aliyebanwa hana muda wa maelezo. Nikasema, "Nyumbani, afande." Akaandika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa msimamizi wa bustani, mimi ambaye maisha yangu yote nimekuza kitambi tu, na hicho nacho kimenikimbia humu ndani.

Wewe hutashangaa. Ni mimi yule yule niliyekubali kuendesha pikapu ya marafiki bila kuuliza sana kuna nini chini ya turubai, gari likaishiwa mafuta mbele ya kituo cha polisi, nikaingia humo kituoni kuwaomba dumu la mafuta. Nyaya za umeme za watu ziko nyuma, mimi nachangamka na askari kaunta. Hakimu mwenyewe alishindwa kuficha meno.

Kiwanja tulichopewa kiko kati ya jiko na karakana ya useremala. Tulipochimba tulipata vipande vya matofali, vifungo vya sare na kijiko kimoja ambacho kilituletea upekuzi wa siku nzima. Masharti ya usalama ni haya: kisipandwe chochote kinachotambaa juu ya ukuta, kisipandwe chochote kirefu kuliko goti la askari, miti ya kuegemeza mimea ni marufuku kwa kuwa ni silaha, na kamba ni marufuku kwa kuwa ni kamba. Majembe yanahesabiwa yakitoka na yakirudi, kama sisi. Nyanya zetu basi zitalala chini, na nimeziambia zisijisikie vibaya.

Tuna kitabu kimoja cha kilimo cha bustani. Sura ya udongo ipo, sura ya kupanda ipo. Sura ya magonjwa na wadudu haipo, wenzetu waliotutangulia waliichana karatasi moja moja kusokotea sigara. Yaani magonjwa yote yalishavutwa. Kama maktaba ya shule yenu ina kitabu kama hicho, ninakuomba uninakilie sura hiyo.

Sina ombi jingine. Umbali naujua, na kazi yako naijua.

Mdogo wako,
Msimamizi


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama yupo. Mguu wa kushoto umevimba na wa kulia unauiga. Shemeji yako ameanza mazoezi ya kukimbia. Alikimbia Jumapili, na siku zilizobaki amekuwa akitusimulia. Watoto wanakusalimu, mkubwa amenipita urefu, jambo lisilo gumu.

Endelea kutuma barua hapa shuleni. Mimi ndiye karani, mimi ndiye ninayefungua barua zinazoingia, muhuri wa gereza hauoni mtu mwingine.

Kuna kitu nimechelewa kukuambia, na nitakisema haraka kabla mkono haujakataa. Huku mtaani wewe hauko jela. Uko ng'ambo. Unasomea kilimo.

Sikupanga. Wiki ile uliyohukumiwa nilikutana na Mama Mapazia, yule jirani anayeshona mapazia pale mkabala na nyumba yetu. Akaniuliza mbona hakuoni. Nikasema umeondoka. Wapi? Mbali. Kusoma? Nikasema ndiyo, kusoma. Kusoma nini? Nilikuwa nimeshika fungu la mchicha, nikasema kilimo. Ningekuwa nimeshika nyundo, leo ungekuwa mhandisi. Kufika nyumbani nilikuta habari imenitangulia na Mama anamshukuru Mungu kwa machozi. Ningemwambia nini tena?

Kwa hiyo nilipofungua barua yako nikasoma habari za bustani, nilicheka hadi mwalimu mkuu akachungulia mlangoni. Baada ya miaka karibu miwili ya uongo wangu, hatimaye umejiunga na chuo.

Unajua macho ya Mama hayasomi tena, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Huwa nazirekebisha kidogo. Nikifika kwenye "afande" nasoma "profesa". Ila naishiwa maneno, mdogo wangu, na Mama ana maswali. Naomba kila barua uweke kipande cha kwake, na humo uweke baridi kidogo.

Sura ya magonjwa nimeinakili yote, iko ndani ya bahasha hii. Na kwa kuwa sasa uko chuoni kweli: kabichi za Mama Mapazia zimekuwa njano majani ya chini, na yale ya juu yana matundu. Ameniomba nimuulize mtaalamu.

Ningekuja kukuona, lakini mitihani ya shule imekaribia, na usafiri wenyewe unaujua.

Dada yako


22 Machi

Dada wa mwanachuo,

Shikamoo. Barua yako imefika, na Afande Mwalimu ameisoma kwanza. Nimejua kwa sababu asubuhi ile aliniita "mwanachuo" mbele ya darasa zima, na sasa hata mpishi ananiita hivyo akinipunguzia chakula. Kuhusu kuitwa profesa hakusema kitu, ila naona siku hizi anatembea polepole zaidi, mikono nyuma.

Hiki ni cha Mama, usikibadilishe hata neno:

"Mama, shikamoo. Huku baridi inauma asubuhi. Wenye chuo wanatujali mno. Kabla ya masomo wanatupanga mstari na kutuhesabu, na jioni wanatuhesabu tena, hawapendi hata mmoja wetu apotee. Nguo wanatupa bure, na zote zinafanana ili tusidharauliane. Madirisha yana vyuma imara. Profesa hatuachi peke yetu hata dakika moja. Wanafunzi wengi wakiingia hapa hukaa miaka."

Sasa kabichi. Njano ya chini ni njaa, udongo umechoka. Aweke samadi iliyooza vizuri, asiweke mbichi, itaunguza mizizi. Matundu ni viwavi. Asubuhi ageuze majani aangalie upande wa chini, awaokote kwa mkono, kisha anyunyize majivu. Haya yote nimeyatoa kwenye sura uliyoninakilia wewe. Yaani umenakili ukurasa, umenitumia, nimeurudisha kwa maneno yangu, na utausoma kwa Mama Mapazia kama utaalamu wa ng'ambo. Hata mimi nimeanza kujiheshimu.

Kwangu huku mambo si mazuri hivyo. Mchicha wa kwanza niliufukia kina cha kidole kizima, haukuota, nadhani bado unatafuta njia. Kabichi zinakwenda. Lakini nikusimulie karoti.

Kitabu kinasema miche ya karoti ikibanana, ile dhaifu ing'olewe ili mingine ipate nafasi. Nikawapanga wanafunzi wangu kando ya tuta, nikawaeleza. Hakuna aliyeinama. Kuna mmoja tunamwita Kipara, mpole, aliingia humu hajui kusoma lakini sasa anaweza kusoma maandishi yote ya pakiti za mbegu. Akaniuliza, "Hizi za kung'olewa zimekosa nini?"

Nikamwambia hazijakosa kitu, ni dhaifu tu.

"Nani kasema ni dhaifu?"

"Mimi."

"Umezijua kwa muda gani?"

Bondia, ambaye kifua chake kinaziba mlango, akasema yeye anaona zipewe nafasi nyingine. Wengine wakaguna kukubali. Nikamtazama Afande Mwalimu anisaidie, akatazama mawinguni. Karoti zikabaki zote. Zimekua zimekumbatiana chini ya ardhi kama vidole vya mtu anayeomba, na nyembamba hivyo hivyo. Nimeshindwa kusimamia hata karoti.

Mitihani yenu iende salama.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyumbani wazima, isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu ni wewe.

Kabichi za Mama Mapazia zimepona. Hivi ninavyokuandikia zimefunga, kubwa, anazionyesha kwa kila mteja anayekuja kuchukua pazia. Kila anayeziona anaambiwa ni wewe. Sasa jioni nikitoka kazini nakuta watu sebuleni, huyu na pilipili hoho yenye kidonda, yule na jani kwenye mfuko, na Mama amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli, anapokea wagonjwa. Mwenye duka la kona amekuja na mche mzima ndani ya ndoo. Maswali yao nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Yajibu, tafadhali, mimi kwa upande wangu nimeshaanza kujibu kwa kubahatisha, na jana nimemwambia mtu aupe mlimau wake mapumziko.

Kipande cha Mama nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hicho chuo kina malezi mazuri kuliko vyote alivyowahi kusikia. Akauliza kama wana nafasi ya mwanangu mkubwa.

Lakini hili ndilo linaloninyima raha: mwalimu mkuu naye amesikia. Anataka ukirudi uje utusaidie kuanzisha bustani ya shule. Ameniita ofisini, amenikaribisha kiti, mimi ambaye miaka yote hunipa kazi nikiwa nimesimama. Akauliza unarudi lini. Nikamwambia masomo ya kilimo hayana haraka, inategemea mvua.

Acha nifunge. Nitakuja siku moja nikuone. Sasa hivi Mama hawezi kuachwa peke yake.

Dada yako mwongo


18 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Majibu ya wagonjwa wa Mama nimeyaweka kwenye karatasi ya pili. Mwenye duka la kona mwambie mche ule uliofia kwenye ndoo ulikufa kwa sababu ya ndoo. Aitoboe chini.

Hii nakuandikia mapema ujitayarishe, kwa hiyo keti.

Jumamosi tulikuwa na siku ya maonyesho ya bustani. Mkuu wa gereza aliruhusu ndugu za wanafunzi waje wakaone. Tulipiga pasi sare, tukapanga meza mbele ya matuta: vitunguu, mchicha wa awamu ya tatu ulioota, kabichi katikati. Karoti niliziweka nyuma ya kabichi. Mimi kama msimamizi nilisimama mwanzoni mwa meza. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu mboji.

Kipara tangu asubuhi alikuwa hatulii. "Dada yangu anakuja," akaniambia. "Naomba nisimame karibu na kabichi." Nikampa nafasi hiyo. Wageni wakaingia. Mama mmoja mnene mwenye kikapu akaja moja kwa moja, akamkumbatia Kipara, akamfuta jasho kwa kanga yake, akamgeuza huku na huku kama anayechagua kitambaa. Kisha akageuka kutazama bustani, akaniona mimi.

Alikuwa Mama Mapazia.

Dada, tulitazamana kama watu wawili waliogongana mlangoni mwa choo kimoja. Nilitaka kujificha lakini hakuna mmea unaozidi goti. Yeye akaitazama kabichi, akanitazama, akaitazama tena kabichi. Mwishowe akaweka kikapu chini.

"Habari za ng'ambo?" akasema.

"Nzuri," nikasema. "Baridi tu."

"Pole. Na huyu mdogo wangu yuko baharini, kwenye meli kubwa. Huko nyumbani tunamwita Kapteni."

Kipara, ambaye tukijaza pipa la maji husimama mbali, akapiga saluti. Afande Mwalimu alikuwa nyuma yetu akisikia kila kitu. Akasogea, akampa Mama Mapazia mkono, akasema, "Karibu sana. Mimi ndiye profesa."

Hotuba yangu ya mboji iliishia hapo. Mama Mapazia alitembezwa bustani nzima. Alizitoa karoti huko nilikozificha, akauliza kwa nini zimekumbatiana, Kipara akamweleza, na yeye akageuka upande akawa anarekebisha kanga kwa muda. Wakati wa kuondoka akaniuliza, "Dada yako huja lini lini?"

Nikasema una kazi nyingi, mitihani.

"Ndiyo," akasema. "Mitihani."

Mimi nikajifanya nazipanga karoti upya. Sijui huko mtaani amerudi na mdomo gani. Nisamehe kwa yatakayokupata.

Mdogo wako


30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sijapata barua yako, na Afande Mwalimu anaapa kwamba hajazuia kitu. Kama Mama Mapazia amesema, niambie. Kama ni Mama anaumwa, niambie haraka zaidi. Kama umenikasirikia, tuma hata karatasi tupu, nitaijua mikunjo yako.

Vitunguu tumevuna. Darasa limeandikishwa kufanya mtihani wa kilimo cha bustani mwezi wa kumi na moja. Bondia anakariri majina ya wadudu anapokula, na wanaokaa karibu naye wanalalamika.

Mdogo wako


21 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama haumwi zaidi ya kawaida. Sijakukasirikia, au niseme sikuwa nimekukasirikia, nitakueleza.

Barua yako ya Julai niliisomea stoo, katikati ya maboksi ya chaki. Nilipofika pale Mama Mapazia anapotokea nikakaa juu ya boksi, likapasuka. Tangu siku ile nilianza kupita njia ya nyuma, ile yenye mtaro. Mwezi mzima na zaidi, mtu mzima na mkoba wa kazini, naruka mtaro. Mama nilimwambia ni mazoezi, shemeji yako akafurahi akataka tuwe tunaruka pamoja. Kalamu nilikuwa naishika naiweka.

Jumapili iliyopita Mama Mapazia akaja nyumbani mwenyewe, na pazia ambalo hatukuagiza. Akaniomba nimshikie futi ya kupimia dirisha. Tulipima dirisha lile hadi Mama akauliza kama linaongezeka. Mama Mapazia akajifunika pazia kichwani pamoja nami, akaninong'oneza, "Wangu ni kapteni na hata kuogelea hajui." Tulicheka humo ndani ya kitambaa hadi nikalowa machozi. Hajamwambia mtu yeyote. Miaka mitatu anakwenda kumwona kila mwezi, na watu tunadhani anafuata vitambaa.

Kisha akasema, "Ila wewe una bahati, wako anatoka mwezi ujao."

Nikamuuliza nani anatoka.

Akaniangalia hivi. Akasema Kapteni amemwambia, darasa zima linajua, umepewa msamaha wa tabia njema, unatoka Oktoba. Mimi nimeshika ncha ya futi kama mjinga. Nimerudia barua zako. Ya Julai ina mchicha, ina kabichi, ina karoti zinazokumbatiana. Ya Agosti ina Bondia na wadudu wake. Oktoba haimo popote.

Mbona hukuniambia?

Dada yako


2 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Mama pia.

Nimejua tangu Juni. Nilikuwa nataka kukuambia kila barua, nikawa naanza na vitunguu, na vitunguu navyo vina mambo mengi.

Nikuambie nilichofanya, na ucheke kwa kuwa hapa wote wamecheka. Nilimwandikia mkuu wa gereza kuomba nibaki hadi wanafunzi wangu wamalize mtihani. Afande Mwalimu aliniita ofisini, barua yangu mkononi, safari hii hakuna hata mstari mwekundu. Akasema, "Umeandika vizuri sana. Jibu ni hapana. Hii si nyumba ya wageni." Nadhani mimi ndiye mfungwa wa kwanza kukata rufaa ya kupinga kuachiwa.

Alipoona sijaondoka akaniuliza ninaogopa nini. Nikamwambia bustani. Akasema bustani itasimamiwa na Bondia. Nikasema Bondia hajui kunyunyiza, anamwaga. Akasema, "Nimekuuliza unaogopa nini." Nikaondoka bila kujibu, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea adhabu.

Humu ndani, dada, mimi ni msimamizi wa bustani, na kila mtu anajua nimefikaje. Huko nje mimi ni msomi wa ng'ambo niliyeponya kabichi za mtaa mzima. Nikishuka pale na mfuko wangu wa plastiki, hutaaibika wewe peke yako. Ataaibika Mama, kwenye kiti chake, mbele ya wagonjwa wake. Hilo ndilo siwezi hata kuliwaza.

Kwa hiyo nimekutengenezea njia, uchague. Ya kwanza: bado nasoma. Bondia ana ndugu mwenye chumba cha kupanga mji wa jirani, nitakaa huko, nitatafuta kibarua, nitaandika nikiweka baridi kama kawaida. Ya pili: uniue. Nimelifikiria vizuri. Trekta inafaa, mtaalamu yuko kazini, mlima, breki. Mama atalia, lakini atalia kwa heshima, na mwalimu mkuu atakupa siku tatu za msiba.

Sijawahi kukuuliza kwa nini hukuja, na sikuulizi leo. Nijibu tu. Natoka tarehe kumi na tisa.

Mdogo wako


11 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilisoma barua yako nikacheka hadi nilipofika kwenye trekta. Hapo nikaacha. Nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani kwa njia ya mbele.

Nilimkuta Mama ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Nikapiga magoti nianze kumkanda, maana kumwambia namtazama usoni nisingeweza. Nikaongea na vidole vyake vya miguu. Nikamwambia hauko ng'ambo. Hujawahi kufika. Nikamwambia uko wapi, na kwa nini, na kwamba uongo wote ni wangu, wewe hukuujua hadi mwaka huu. Maji yakapoa. 

Mwisho akauliza, "Nyaya gani?"

Nikamwambia za umeme, Mama.

"Kapigwa?"

Nikasema hapana, analima. Kilimo ni kweli.

 Kisha akasema, "Sasa zile trekta nitazipeleka wapi?"

Nikamuuliza trekta zipi. Ikabidi aniambie. Mdogo wangu, mimi nilidhani mwongo wa nyumba hii ni mimi. Mama alikuwa akiwaambia wagonjwa wake kwamba umenunua trekta mbili, moja nyekundu na moja ya akiba. Na kuna mzungu anayekuomba ushauri. Na nyumba yako ina ghorofa, lakini wewe unalala chini kwa unyenyekevu. Alinisimulia haya yote akitazama ukuta, sauti ikizidi kuwa ndogo, na alipofika kwenye ghorofa akaanza kulia. Nililia naye, mikono yangu bado ndani ya beseni. Shemeji yako akaingia, akatuona, akarudi nje akakimbia kweli.

Hakulala mchana kama kawaida yake. Akaniambia nimvalishe nguo yake ya kutokea. Tukamshika, mimi na mwanangu mkubwa, hadi kibarazani kwa Mama Mapazia, pale ambapo mtaa wote hupita. Akakaa. Watu wakaanza kusogea na majani yao wakidhani zahanati imehama. Alipoona wametosha akasema, si kwa kelele:

"Mwanangu hayuko ng'ambo. Yuko jela, na anarudi tarehe kumi na tisa. Kabichi mlizokula ni zake. Mwenye neno aje aniambie hapa hapa nilipokaa, kusimama siwezi."

Hakuna aliyesogea. Mwenye duka la kona alikuwa na ndoo yake mkononi, akaitazama, akauliza kama kutoboa matundu manne kunatosha. Mama akamwambia matano. Hajui lolote, lakini alisema kwa sauti ya daktari. Mama Mapazia alikuwa kwenye cherehani. Aliendelea kushona kidogo, kisha akazima, akatoka mlangoni, akasema, "Na wangu si kapteni." Akarudi ndani.

Watasema, najua. Wameshaanza. Leo asubuhi sokoni wawili walinyamaza nilipofika, nami nikanunua vitunguu vyangu polepole.

Mwalimu mkuu nimemwendea mwenyewe. Nimeomba ruhusa ya siku ya kumi na tisa. Akauliza sababu. Nikamwambia naenda kumpokea mdogo wangu gerezani. Nikabaki nimesimama, kiti safari hii hakunikaribisha. Halafu akatia saini. Kuhusu bustani ya shule hakusema ndiyo wala hapana. Ukifika utamwuliza mwenyewe. Mimi nimechoka kusema kwa niaba yako.

Usishuke popote na mfuko wako wa plastiki peke yako. Nitakuwa nje ya geti tangu asubuhi, upande wa kivulini. Njia Mama Mapazia amenielekeza, nitashuka wapi na nitageuka wapi, na nimemwambia arudie mara mbili. Njia hiyo ningeweza kuiuliza miaka miwili iliyopita. Tutarudi mchana, kwa njia ya mbele.

Nimenenepa. Usinipite.

Dada yako